Uzi wa tamathali za semi kutoka Kusini: "Juma ni simba" imepigwa marufuku humu

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Wakuu, salamu. Nimemaliza sasa hivi kusahihisha jaribio la Kidato cha Tatu. Madaftari 41, na 33 kati ya hayo yana mfano mmoja wa sitiari, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine: "Juma ni simba." Kuna mmoja kaandika "Juma ni chui", nikampa alama ya ziada kwa uthubutu.

Sina ugomvi na Juma. Kilichonitoa jasho ni swali la pili. Niliwawekea aya fupi niliyoitunga mwenyewe, ina sitiari tatu, nikawaambia wazitafute. Wengi wameacha nafasi wazi. Hao ndio walioandika fasili ya sitiari bila kukosea hata mkato! Nikajiuliza muhula mzima nilikuwa nafundisha nini.

Halafu juzi, wakati wa mapumziko, nimekaa zangu chini ya mwembe, nikamsikia mmoja wao anamwambia mwenzake: "Wewe ni korosho ghafi, ukiguswa tu unababua." Wenzake wakaangua kicheko, maana yake hakuna ambaye hakuelewa. Mwenye maneno hayo ndiye leo kaniachia swali la pili jeupe pe.

Kwa mnaoijua korosho ya pakiti tu, ile ya chumvi: korosho ghafi ina ganda, na ndani ya ganda mna mafuta yanayounguza ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi ndipo waanze kazi. Sasa tuibangue ile sentensi. Anayesemwa ni rafiki mwenye hasira za karibu. Kilichoazimwa ni korosho. Kilichovuka kutoka kwenye korosho kwenda kwa rafiki ni ukali wa ganda. Viko pia vilivyobaki ng'ambo: bei ya mnada, rangi, bibo lake (lile tunda). Mwanafunzi akinionyesha anayesemwa, kilichoazimwa na kilichovuka, fasili yake mimi sina haja nayo. Na huyu kijana kafanya ufundi zaidi ya hapo, sijui kama mwenyewe anajua: korosho ina kiini kitamu ndani. Kamtukana mwenzake na kumsifu kwa neno lilelile. Simba wa Juma hana ganda wala kiini.

Ukitia "kama" hapo, "wewe ni kama korosho ghafi", umepata tashibiha, na moto umepungua. Kwenye tashibiha vitu viwili vinakaa jirani na ukuta katikati. Kwenye sitiari ukuta umebomolewa. Maneno yanayojenga ukuta huo mnayajua: kama, mithili ya, mfano wa, ja, sawa na, utadhani.

Lakini wanafunzi wangu wakiliona "kama" popote wanapiga mstari chini yake. "Kama mvua ikinyesha tutalala huku": hilo ni sharti. "Walikuja watu kama 20": hayo ni makadirio. "Huyu ni mrefu kama kaka yake": wamepimwa wote wawili kwa futi, hakuna picha hapo. Tashibiha inataka vitu vya jamii mbili tofauti. Na "ni" hali kadhalika, "Juma ni mwalimu" si sitiari, jamani, kaajiriwa huyo.

Masharti ya uzi: lete mfano uliousikia kwa masikio yako Mtwara au Lindi, utaje jina lake, useme umefanya kazi gani. Juma simba, Asha malaika na mrefu kama twiga wabaki nje ya geti.

---

Nahodha wa Mchinga

Mwalimu, nimeweka kambi. Mimi shule niliishia darasa la saba ila naona hili soko langu.

Sisi huku bahari tunaipa tabia. Asubuhi mtu anakwambia "leo imelala", ukienda huna wasiwasi. "Imenuna" maana yake nenda lakini usiende mbali. "Imechafuka", kaa nyumbani ushone jarife, wavu wako. Hizo zote ni tashihisi, kukipa kitu tabia za mtu?

Halafu kuna maji mafu. Siku ambazo mwezi umebaki nusu, maji hayajai sana wala hayatoki sana, tofauti na bamvua ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Nimevua miaka 30 na sijawahi kufikiria kuwa mle kuna neno kifo mpaka niliposoma uzi huu. Ni sitiari au si sitiari?

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Nahodha, umeuliza swali la chuo kikuu halafu unajificha nyuma ya darasa la saba.

"Imenuna" ni tashihisi bila ubishi, kununa ni kazi ya mtu. "Imelala" pia, ingawa hata mbwa hulala, kwa hiyo wapo watakaoiita uhuishi: kisicho na uhai kimepewa uhai, si lazima uhai wa binadamu. Mtihani wa shule hauingii huko ndani. "Imechafuka" mimi siihesabu, hata shati huchafuka.

Maji mafu ni sitiari iliyochakaa. Ilikuwa hai siku ya kwanza, aliyeisema wa kwanza aliona bahari isiyojitikisa akakumbuka maiti. Tukaitumia, tukaitumia, picha ikafutika likabaki jina. Lugha yetu imejaa hizi: mguu wa meza, mdomo wa chupa, jicho la nazi, kichwa cha habari. "Gari limegoma" iko njiani kuelekea hukohuko. Kipimo changu ni kimoja, je, msikilizaji anaona picha au anapokea taarifa tu? Fundi akisema gari limegoma, hakuna anayeona bango wala maandamano.

Ila mtunzi mzuri anaweza kuiamsha. Akiandika "maji mafu yalilala pwani na hakuna aliyekuja kuyazika", hapo umeshaona maiti tena, si ndiyo?

---

Nahodha wa Mchinga

Nimeona. Na kesho ni maji mafu, umeniharibia safari.

---

Mkereketwa 47

Sasa haya yote ya nini? Mtihani wa taifa unakuja Novemba, mtoto anatakiwa aandike fasili na mfano apate alama. "Juma ni simba" inasahihishwa vema. Mnawachanganya watoto na bahari kununa. Mimi nilikremu hivyohivyo na nikapata A ya Kiswahili.

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Mkuu, hongera kwa A, sisemi kwa kejeli.

Juma anampa mtoto alama ya swali la fasili. Swali hilo ni dogo. Maswali yanayobeba ni ya uhakiki, anapopewa kifungu au shairi asilowahi kuliona akaambiwa ajadili matumizi ya lugha. Hapo Juma hayupo. Kuna wanaoandika "mwandishi ametumia tashibiha, ametumia tashihisi, ametumia takriri", orodha ndefu kama ya mahari, bila kunukuu hata neno moja. Anayesahihisha anataka uoneshe ilipo, halafu useme imeongeza nini: imemfanya mhusika aonekane mbabe, au mnyonge, au imechekesha pale msomaji alipotaka kulia. Hivyo vitu havikremiki.

---

Ustadh wa Mikindani

Assalaam alaykum. Nimependa Bibo Jekundu aliposema "kilichoazimwa", sijui kama alijua anachokifanya. Sitiari imetoka kwenye Kiarabu, istiara, na maana yake ni kuazima. Neno limeazimwa kutoka mahali pake likakaa kwa jirani. Tashihisi asili yake ni shakhsi, yaani mtu: kukifanya kitu kuwa mtu. Takriri ni kukariri, kurudia. Tashibiha ni kufananisha. Mubaalagha ni kupita kiasi. Madrasa yangu watoto wakijua maana za maneno haya hawahitaji tena kukariri fasili, jina lenyewe limeshasema.

---

Mswahili wa Kilifi

Hamjambo ndugu zetu. Nawapata kutoka Kilifi. Ustadh ameniwahi, kwa kuwa sisi huku Kenya vitabu vingine bado vinasema istiara, na tashbihi, na mubaalagha sana sana tunaiita chuku. Mtoto wa ndugu yangu alihamia Tanzania akaandika "chuku" katika mtihani, mwalimu akamwekea mkasi mwekundu. Nawaomba walimu muwe wapole.

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Karibu Kusini, ndugu. Chuku ni Kiswahili safi, hata huku tunasema "acha kupiga chuku". Mwalimu huyo alikuwa na njaa tu.

---

Kidato cha Nne Nachi

Shikamooni wote. Mimi nasoma Nachingwea. Naomba msaada, kejeli, dhihaka, kinaya na tashititi zote kwangu ni kitu kimoja. Mwalimu wetu alituambia "zote ni za kudharau" akafuta ubao.

---

Mtani wa Wayao (Masasi)

Marahaba mwanangu. Kaa vizuri nikupeleke msibani.

Mimi ni Mmakua na mjomba wangu kazikwa mwezi uliopita. Kwetu watani wana kazi zao kwenye msiba, wasiokuwa wa Kusini watashangaa. Watu tumekaa mkekani, wanawake wanalia, akaingia mtani wetu mmoja, Myao, mzee wa makamo na kofia yake. Akasimama mlangoni mwa chumba alimolazwa marehemu, akapaza sauti: "Wewe! Umejifunika shuka unadhani sikuoni? Amka unilipe mbuzi wangu. Mwaka mzima unaniambia kesho, leo umeamua kuhamia kabisa?" Akatugeukia sisi: "Nyie nanyi mnamlilia nani? Mdeni sugu huyu? Kweli mmefiwa na mtu mkarimu sana, hata chumvi alikuwa anaazima na harudishi."

Shangazi yangu, ambaye alikuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akadondosha kanga. Halafu akalia vizuri, kile kilio cha kutoa mzigo. Jioni akala.

Sasa tazama. Kumsemesha maiti kana kwamba anasikia, hiyo ni ritifaa. "Mmefiwa na mtu mkarimu sana", kasema sifa na anamaanisha kinyume chake, hiyo kejeli, na wengine wataiita kinaya. "Mdeni sugu huyu", hapo hakuficha kitu, kamshusha mtu wazi, dhihaka. "Mnamlilia nani?" Anajua fika tunamlilia nani, ni swali lisilotaka jibu, ndiyo tashititi. Na "umeamua kuhamia kabisa" ni tafsida iliyogeuzwa mzaha, kakwepa neno kufa.

Dakika moja, mtu mmoja, tamathali tano. Mwalimu wako kasema zote ni za kudharau. Je, yule mzee alidharau?

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Mzee wangu, umenifunga mdomo. Nitaipeleka darasani kesho kama ilivyo.

Nachi, hapo ndipo pa kukaa. Maneno yaleyale angeyasema mtu asiye mtani, wangemtoa kwa fimbo na ingekuwa matusi. Kwa hiyo ukikuta kejeli kwenye riwaya au tamthiliya, usiishie kuitaja. Uliza anayesema ni nani kwa anayeambiwa. Kejeli ya bosi kwa mfagizi na kejeli ya mtani kwa mfiwa zina umbo moja na kazi mbili tofauti kabisa.

Nitabishana nawe kidogo tu, mzee, kwenye kinaya. Mimi kinaya nakiona hata pasipo msemaji: nahodha hodari wa baharini anazama kisimani. Hakuna aliyemkejeli mtu, mambo yenyewe yamekwenda kinyume na yalivyotazamiwa. Kejeli lazima iwe na mdomo.

---

Nahodha wa Mchinga

Mbona mimi ndiye ninayezamishwa kisimani?

---

Mama Pacha (Newala)

Mimi mzazi, pacha wangu wako la sita. Nimesoma vyote lakini swali langu ni dogo. Kwenye kitabu chao kuna mfano "roho yake safi kama maji ya chemchemi". Wakaniuliza, "Mama, chemchemi ndiyo nini?" Jamani, Newala hii tuliyokulia tunakinga maji ya mvua kwenye matangi na visima vya sementi, mama zetu walishuka bondeni alfajiri wakapanda mlima na ndoo kichwani. Chemchemi nimwonyeshe wapi? Nikawaambia waseme "roho yake adimu kama maji ya Newala". Nimekosea?

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Dada, hujakosea hata kidogo, ila umebadilisha kilichovuka. Kwenye kitabu kilivuka usafi, kwako umevuka uhaba. Mtu mwenye roho safi na mtu mwenye roho adimu ni majirani, si mtu mmoja. Lakini huo ndio ufundi. Maji ni yaleyale, kila mahali yanaazimwa kwa sababu yake: mtu wa uwanda wa Makonde anaazima uhaba, Nahodha anaazima hasira, mtu wa bonde la Ruvuma ataazima mafuriko. Ukisoma tashibiha ya mtu unajua amelala usingizi wa utoto wapi.

---

Mama Pacha (Newala)

Ahsante kaka. Hawa pacha wananiuliza pia kama kitendawili ni tamathali. Mmoja katunga chake jana: "Mama mnene kavaa nyekundu, mwanawe kagoma kukaa tumboni, ananing'inia nje." Jibu ni bibo na korosho yake.

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Mpe huyo mtoto soda, kwa gharama yangu.

Kitendawili chenyewe ni tanzu fupi ya fasihi simulizi, usiseme ni tamathali. Ila kimeundwa kwa sitiari iliyofichwa nusu. Kwenye sitiari ya kawaida unaambiwa vyote viwili, "wewe" na "korosho". Kwenye kitendawili unapewa kilichoazimwa, mama mnene mwenye nyekundu, anayesemwa unamtafuta mwenyewe. Mfano mrefu namna hiyo, uliojaa picha na mwenyewe hatajwi, walimu wengi tunauita jazanda. Na kitu pekee kigumu hapo mwanao kakipata: korosho ni mbegu inayoota nje ya tunda. Matunda mengine huficha mbegu tumboni.

---

Mzee wa Ndoro (Lindi mjini)

Nimewasoma kimya tangu juzi. Nina mawili.

La kwanza, mubaalagha. Vijana wa leo mnapanda basi Lindi asubuhi, jioni mko Dar es Salaam. Sisi kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale mto Rufiji mwaka 2003 tulivuka kwa pantoni Ndundu, na masika barabara ilikuwa uji. Watu walikuwa wanasema "nimekaa Ndundu mpaka nimeota mizizi", "niliondoka Lindi kijana nikafika Dar mzee". Mgeni akisikia anasema mubaalagha. Kwetu ilikaribia kuwa taarifa ya habari. Mubaalagha nzuri ndivyo inavyotakiwa, iwe na ukweli chini yake kama mwamba chini ya maji. Ukisema "nililia machozi yakajaza bahari" bila sababu ya kulia, umepiga kelele tu.

La pili, ishara. Naona hamjaigusa, na wanafunzi huichanganya na sitiari kila siku. Julai 1905, Nandete, milima ya Matumbi huko Kilwa, watu waling'oa mashina ya pamba kwenye shamba walilolazimishwa kulilima. Mashina machache tu. Hayawezi kumtia Mjerumani hasara yoyote. Lakini kila aliyesikia alijua vita imetangazwa, na Majimaji ikawaka mpaka 1907. Pamba ile ilikuwa pamba kweli, iling'olewa kweli, mkono ukachubuka kweli. Hapo hapo ikabeba jambo kubwa kuliko pamba. Hiyo ndiyo ishara. Korosho ya yule kijana wa Tandahimba haikuwepo, iliazimwa kwa maneno. Shina la pamba lilikuwepo. Maji ya Kinjikitile, mganga wa vita hiyo, nayo vilevile, yalinywewa na kupakwa mwilini, yakabeba umoja na matumaini ya risasi kugeuka maji.

Na msisahau kwamba vita hiyo ilitungiwa utenzi hapahapa Lindi na Abdul Karim bin Jamaliddini. Mnahangaika na mifano ya mbali na fasihi iko nyuma ya nyumba.

---

Ustadh wa Mikindani

Mzee, Mungu akuweke. Hilo la ishara lazima kitu kiwepo nimelinakili.

---

Mkereketwa 47

Narudi kwa unyonge. Binti yangu kidato cha pili kasoma habari ya msiba kwenye simu yangu, akanitajia zote tano bila kutazama. Jana kejeli na kinaya zilikuwa zinamtoa machozi. Ila fasili bado akariri, sibadiliki.

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Akariri, hamna ubaya. Mlango wa jikoni nao ni mlango.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu tanakali sauti. Kwa kifupi, ni maneno yanayoiga: bibo likianguka pu, jiwe kuzama chubwi, kuanguka vumbini tifu. Mnachosahau ni kwamba si yote yanaiga sauti. "Nyamaza jii" inaiga sauti gani? Ukimya! "Nyeupe pe", "nyeusi ti", rangi haina mlio. Ndiyo maana wengine wanapendelea kuyaita viigizi. Vina na mizani tuviwekee uzi wake, vikija humu havitoki.

---

Kidato cha Nne Nachi

Shikamoo mwalimu. Najua umesema vina visije, naomba unisamehe mara moja. Nimejaribu tarbia, shairi la mistari minne, mizani nane kwa nane nimehesabu kwa vidole. Naomba msahihishe, muwe wakali.

*Mikorosho yachanua, yacheka huko shambani,*
*Ubwiri nao wajua, wanyatia majanini,*
*Dawa tukainunua, deni likawa shingoni,*
*Bei ikija pungua, nicheke kwa kinywa gani?*

---

Ustadh wa Mikindani

Mashallah. Vina vya kati -ua, vya mwisho -ni, havikuteleza. Nimehesabu mizani, imetimia. Mstari wa mwisho ni tashititi, na umeniuma.

---

Mtani wa Wayao (Masasi)

Kwa wasiojua kilimo chetu: ubwiri ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho, ndio tunaoupulizia salfa. Mtoto kaufanya mwizi anayenyata. Tashihisi hiyo imekaa mahali pake, maana ubwiri kweli huja usiku na umande, asubuhi unakuta umeshaingia.

---

Bibo Jekundu (Tandahimba)

Nachi, marahaba. Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakijatajwa na wakubwa hawa. Mstari wa kwanza mikorosho "yacheka", mstari wa mwisho unauliza "nicheke" kwa kinywa gani. Umerudia neno, kwa hiyo ni takriri, lakini kicheko kilichoanza kwenye maua kimefika kwa mtu kikakosa mdomo. Hapo sikufundishi kitu.

Deni shingoni ni msemo wa siku zote, wengi wangeupita. Ukipata nafasi uutikise kidogo, liwe deni linalokaza, au linalokuja na kamba. Ni ushauri tu.

Swali langu moja, si la mtihani. Mstari wa pili: "Ubwiri nao wajua." Wajua nini? Nimeusoma mara nne. Ni neno la kujazia mizani au lina jambo?

---

Kidato cha Nne Nachi

Lina jambo, mwalimu. Unajua kwamba mwaka huu baba hana hela ya dawa.